Jua Bei ya Saa Yako: Jinsi Malipo ya Ovataimu Yanavyokokotolewa

Kwenye slipu ya mshahara, mstari wa ovataimu ndio wafanyakazi wengi huupokea bila kuuhakiki. Mshahara wa msingi wanaujua kwa kichwa, makato ya NSSF wanayajua, kodi wanailalamikia kila mwezi. Kwenye ovataimu wanaona tarakimu tu, na ukiuliza imetoka wapi, mwenzako wa zamu anakujibu kwamba ndivyo walivyopanga ofisini. Lakini ovataimu si kitu cha kupangiwa na mtu. Kwa Tanzania Bara, kanuni yake imeandikwa kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na hesabu yenyewe ni kugawanya na kuzidisha, ambayo mtoto wa darasa la tano anaiweza. Mfanyakazi anayetaka kuihakiki anahitaji kujua namba moja kabla ya nyingine zote, nayo ni bei ya saa yake moja ya kazi.

Sheria hiyo inawagusa waajiriwa wa sekta binafsi na ya umma, wa kudumu na wa mkataba, wa kiwandani, hotelini, dukani na majumbani. Haiwahusu walioko katika Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, ya mwaka 2005, kwa hiyo msomaji wa Unguja au Pemba asichukue viwango vya makala haya akaenda navyo kwa mwajiri wake. Atafute vya kwao.

Saa za kawaida zinaishia wapi

Huwezi kusema umefanya saa za ziada kabla ya kujua saa za kawaida zimekwisha lini. Sheria inaweka ukomo wa saa za kawaida kwa namna tatu kwa pamoja: zisizidi tisa kwa siku, zisizidi 45 kwa wiki, na siku za kazi zisizidi sita kwa wiki. Huo ni ukomo wa juu. Mkataba wako ukisema saa 40 kwa wiki, basi za kawaida kwako ni 40, na ya 41 ni ya ziada, hata kama jirani yako wa kampuni nyingine anafanya 45 bila kulipwa nyongeza.

Muda wa mapumziko hauhesabiwi. Anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano ana haki ya kupumzika dakika 60, na mwajiri halazimiki kuzilipa. Anayeingia saa 2:00 asubuhi na kutoka saa 11:00 jioni, akila chakula chake saa 7:00 hadi saa 8:00 mchana, amefanya saa nane, hata kama amekaa eneo la kazi saa tisa. Ila ukitakiwa kufanya kazi wakati wa mapumziko, au hata kukaa tayari kwa kazi, saa hiyo inalipwa. Keshia anayekula huku akihudumia wateja, mlinzi asiyeruhusiwa kuondoka getini, muuguzi aliye peke yake wodini: hawa hawajapumzika, na saa yao isifutwe kwenye daftari eti ilikuwa ya chakula.

Baada ya saa za kawaida, ovataimu nayo ina masharti yake. Kwanza, lazima pawe na makubaliano. Mwajiri hana ruhusa ya kumwambia mtu saa 11:00 jioni kwamba leo hakuna kutoka, kama hakuna mahali popote walipokubaliana. Mara nyingi makubaliano hayo yamo ndani ya mkataba wa ajira au mkataba wa hali bora uliosainiwa na chama cha wafanyakazi, na watu wamesaini bila kukisoma kifungu hicho. Pili, ovataimu isizidi saa 50 katika kipindi cha wiki nne. Tatu, ukijumlisha za kawaida na za ziada, usifanye kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Nne, kati ya kumaliza kazi leo na kuanza kesho pawe na saa 12 mfululizo za kupumzika.

Hilo la nne linasahaulika sana. Mtu anabakishwa hadi saa 4:00 usiku kukamilisha oda, kisha asubuhi saa 1:30 anatakiwa kuwa kazini na akichelewa anakatwa. Kwa sheria, alitakiwa aanze saa 4:00 asubuhi. Mwili unaochoka ndio unaoingiza vidole kwenye mashine, na sheria hii haikuweka saa 12 za mapumziko kwa ajili ya mapambo.

Dharura inayohitaji kushughulikiwa papo hapo inalegeza ukomo wa saa 12 za kazi na ule wa saa 50. Haifuti malipo. Bomba likipasuka usiku na mafundi wakaitwa, saa zao ni ovataimu kama kawaida.

Kuipata bei ya saa

Hesabu inaanza kwenye mshahara wa msingi. Huu ni ule unaolipwa kwa kazi ya saa za kawaida, bila posho ya nyumba, nauli, chakula wala posho nyingine yoyote, na bila malipo ya ovataimu, ya usiku au ya sikukuu yenyewe. Anayelipwa jumla ya shilingi 500,000 kwa mwezi, ambazo 390,000 ni mshahara wa msingi na 110,000 ni posho, anahesabiwa kwa 390,000.

Jedwali la kwanza la sheria linaeleza jinsi ya kuigeuza pesa ya mwezi kuwa ya saa: chukua mshahara wa msingi wa mwezi, ugawanye kwa 4.333 zilizozidishwa kwa saa zako za kawaida za wiki. Hiyo 4.333 ni wastani wa wiki katika mwezi, yaani wiki 52 za mwaka kugawanya kwa miezi 12. Kwa anayefanya saa 45 kwa wiki, 4.333 mara 45 ni 194.985, ambayo wahasibu wengi huizungusha kuwa 195. Gawanya 390,000 kwa 195, unapata shilingi 2,000. Hiyo ndiyo bei ya saa moja. Iandike mahali, kila kitu kinachofuata kinatoka hapo.

Kwa mshahara uleule na wiki ya saa 40, kigawanyo ni 173.32, na saa moja inakuwa takriban shilingi 2,250. Ndiyo maana haitoshi kuujua mshahara bila kujua saa ulizoahidi kwa mshahara huo.

Hapa ndipo pesa za watu wengi zinapopotea, na zinapotea kimyakimya. Baadhi ya ofisi hugawanya mshahara kwa siku 30, kisha kwa saa nane. Inaonekana ni haki, kwa sababu mwezi una siku 30 na siku ya kazi ina saa nane. Lakini 30 mara nane ni 240, na hakuna mfanyakazi wa saa 45 kwa wiki anayefanya saa 240 za kawaida kwa mwezi. Hesabu hiyo imeingiza Jumapili zote kana kwamba mtu alikuwa kazini. Kwa mfano wetu, saa inashuka kutoka 2,000 hadi 1,625, na saa ya ovataimu inashuka kutoka 3,000 hadi 2,437.50. Aliyefanya ovataimu ya saa 20 mwezi huo anapungukiwa shilingi 11,250. Kwa mwaka wenye miezi ya namna hiyo, amepoteza 135,000, na pengine aliyepiga hesabu hakukusudia kumdhulumu mtu. Alirithi fomula kwenye kompyuta ya ofisi. Kuulizia fomula si kumtuhumu mtu wizi.

Anayelipwa kwa siku anagawanya ujira wa siku kwa saa za kawaida za siku: 16,000 kwa saa nane ni 2,000. Anayelipwa kwa wiki anagawanya kwa saa za wiki. Na anayelipwa kwa kipande, kama fundi cherehani anayelipwa kwa idadi ya mashati, asidhani kwamba ovataimu haimhusu. Sheria inamchukulia kuwa analipwa kwa wiki: inachukua alichopata katika wiki 13 zilizotangulia, au muda aliokaa kazini kama ni mfupi zaidi, na kutafuta wastani. Akiwa amepata 1,170,000 kwa wiki 13, wastani ni 90,000 kwa wiki. Kwa saa 45, saa yake ni 2,000.

Kwa vile mshahara wa msingi ndio kila kitu, angalia unavyogawanywa siku unaposaini mkataba. Ahadi ya 500,000 inaweza kuandikwa 390,000 kwa 110,000, au 300,000 kwa 200,000. Mwisho wa mwezi wa kawaida mfukoni unaingiza kilekile. Ila kwa mgawanyo wa pili saa yako ni 1,538, na ovataimu ni 2,308 badala ya 3,000. Wengi huja kuligundua hilo msimu wa kazi nyingi, mkataba ukiwa umeshafungwa zamani. Kwenye mazungumzo ya ajira watu hupigania jumla. Mimi ningependa wapiganie mshahara wa msingi.

Viwango, na wiki moja iliyopigwa hesabu

Saa ya ziada ya siku ya kawaida inalipwa si chini ya mara moja na nusu ya bei ya saa. Saa inayofanywa katika mapumziko ya wiki, ambayo kwa wengi ni Jumapili, inalipwa mara mbili, nayo iwe kwa makubaliano. Saa inayofanywa sikukuu ya kitaifa inalipwa mara mbili pia. Saa ya usiku, ambayo ni kuanzia saa 2:00 usiku hadi saa 12:00 asubuhi, ina nyongeza ya angalau asilimia tano ya bei ya saa. Ikiwa saa hiyo ni ya ziada vilevile, asilimia tano inapigwa juu ya bei ya ovataimu. Vyote hivi ni viwango vya chini. Mkataba unaweza kutoa zaidi, hauwezi kutoa pungufu.

Tuchukue mfanyakazi mmoja wa kiwandani mwenye mshahara wa msingi wa 390,000. Anafanya Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni, na Jumamosi saa 2:00 asubuhi hadi saa 7:00 mchana. Saa nane mara siku tano ni 40, ongeza tano za Jumamosi, zinatimia 45. Saa yake ni 2,000, ya ovataimu 3,000, ya Jumapili 4,000.

Jumanne alibaki hadi saa 1:00 usiku. Hizo ni saa mbili za ziada, bado si usiku kwa sheria: 6,000. Alhamisi alibaki hadi saa 3:00 usiku. Hizo ni saa nne, na siku hiyo ametimiza saa 12, hapo ndipo mwisho. Tatu za kwanza ni 9,000. Ya nne, kati ya saa 2:00 na saa 3:00 usiku, ni ya ziada na ni ya usiku: 3,000 na asilimia tano yake, yaani 3,150. Alhamisi ina 12,150. Kwa kuwa alitoka saa 3:00 usiku, Ijumaa anatakiwa kuanza saa 3:00 asubuhi, si saa 2:00. Jumapili aliitwa, akafanya kazi saa 3:00 asubuhi hadi saa 8:00 mchana, saa tano kwa 4,000: 20,000. Jumla ya wiki ni 38,150 juu ya mshahara wake.

Angalia saa tano za Jumapili zimezidi thamani ya saa sita za Jumanne na Alhamisi. Ofisi ikiziweka zote 11 kwenye fungu moja la mara moja na nusu, atapata 33,000 na hatajua kilichopungua, kwa sababu idadi ya saa itakuwa sahihi. Omba slipu ionyeshe ovataimu ya kawaida, ya mapumziko, ya sikukuu na ya usiku kila moja na mstari wake.

Sikukuu zinazohusika ni zile za kwenye sheria ya sikukuu za kitaifa: Mapinduzi Januari 12, Karume Aprili 7, Muungano, Mei Mosi, Sabasaba, Nanenane, Nyerere Day, Uhuru, Krismasi, Pasaka, Idd, Maulid na nyinginezo. Sikukuu ikiangukia siku ambayo tayari imo ndani ya mshahara wako wa mwezi, muulize mhasibu mara mbili hiyo ameihesabu vipi: anaongeza mara mbili nzima juu ya mshahara, au anaongeza moja ili ziwe mbili? Liwekwe wazi kwenye mkataba, au chama kiliingize kwenye mkataba wa hali bora, kabla Idd haijafika.

Kuna waajiri wanaolipa ovataimu kwa "siku ya off" au kwa nauli na sahani ya chakula. Sheria inasema mwajiri amlipe mfanyakazi, na inataja kiwango. Chakula na usafiri wa usiku ni jambo jema, hasa kwa dada anayerudi Mbagala au Buza saa nne usiku, lakini haviingii kwenye hesabu hii.

Kodi ya mshahara inakatwa kwenye ovataimu pia, kwa sababu ni sehemu ya kipato cha ajira. Kwa hiyo unapohakiki, linganisha hesabu yako na tarakimu iliyopo kwenye slipu kabla ya makato, usilinganishe na kilichoingia benki.

Lindo la saa kumi na mbili

Walinzi wa kampuni binafsi wanastahili kusemewa peke yao, kwa kuwa kwao saa 12 za lindo zimezoeleka hadi watu wanadhani ndiyo sheria. Mlinzi anaingia saa 12:00 jioni, anatoka saa 12:00 asubuhi, usiku sita kwa wiki. Haruhusiwi kuondoka getini, kwa hiyo hata dakika 60 za mapumziko ni za kulipwa. Hizo ni saa 72 kwa wiki. Toa 45, zinabaki 27 za ziada. Kwa wiki nne ni 108, zaidi ya maradufu ya ukomo wa 50.

Tukitumia bei ileile ya 2,000 kwa saa: saa 45 kwa usiku sita ni saa saba na nusu za kawaida kila usiku, hadi saa 7:30 usiku. Kati ya hizo, tano na nusu zimeangukia baada ya saa 2:00 usiku, nyongeza yake ni shilingi 100 kila moja: 550. Zinazobaki nne na nusu, hadi alfajiri, zote ni za ziada na za usiku, kwa 3,150 kila moja: 14,175. Usiku mmoja unamdai mwajiri nyongeza ya 14,725, wiki 88,350, wiki nne 353,400. Karibu mshahara mwingine mzima.

Kampuni nyingi zitajibu kwamba mkataba unaruhusu saa 12. Ni kweli sheria inatoa njia hiyo, kwa makubaliano ya maandishi: mfanyakazi anaweza kufanya hadi saa 12 kwa siku, mapumziko ya chakula yakiwa ndani, bila kulipwa ovataimu kwa siku hiyo. Lakini wiki yake inabaki ya saa 45 na siku zisizozidi tano, na ovataimu yake isizidi saa 10 kwa wiki. Usiku nne na siku tatu za kupumzika vinaingia humo. Usiku sita haziingii, kwa maandishi wala kwa mdomo. Jibu jingine ni kwamba "mshahara huu umejumlisha ovataimu". Sentensi hiyo haitoshi. Mshahara wa msingi kwa tafsiri ya sheria hauna ovataimu ndani yake, basi mwajiri aonyeshe msingi ni kiasi gani, ovataimu ni saa ngapi na kwa bei gani, tuone kama hesabu inatimia.

Dada wa kazi naye anaingia humu. Anayelala nyumbani kwa mwajiri, mapumziko yake kati ya siku na siku yanaweza kupunguzwa hadi saa nane kwa makubaliano ya maandishi, lakini ukomo wa saa 12 za kazi haujaondolewa. Anayeamka saa 10:00 alfajiri kuandaa watoto wa shule na kufunga jiko saa 4:00 usiku anafanya ovataimu karibu kila siku ya maisha yake, na katika nyumba nyingi hakuna aliyewahi kuihesabu. Mwenye nyumba anayesoma hapa aanze kwa kuandika saa za kazi na siku ya mapumziko kwenye karatasi, wote wawili wasaini.

Wasioguswa na masharti haya ya saa ni wale wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na ambao wanawajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Masharti ni mawili na yote yatimie. Supavaiza wa zamu anayeripoti kwa meneja wa kitengo, ambaye naye anaripoti kwa mkurugenzi, hajawa mmoja wao kwa sababu tu amepewa cheo na fulana ya rangi tofauti.

Kwa msomaji wa Kenya: amri ya jumla ya mishahara huko inaweka wiki ya kawaida ya saa 52 kwa siku sita, mara moja na nusu kwa siku za kazi, mara mbili kwa siku ya mapumziko na sikukuu, na kigawanyo cha mshahara wa mwezi ni 225. Zidisha 52 kwa 4.333 uone 225 imetoka wapi. Ni kanuni ileile. Baadhi ya sekta zina amri zao, kwa hiyo angalia ya kwenu kwanza.

Kuandika, kuuliza, kudai

Mwajiri ana wajibu wa kukupa kwa maandishi maelezo ya ajira, yakiwemo saa za kazi na jinsi ujira unavyokokotolewa, na kukupa mchanganuo wa malipo kila unapolipwa. Kumbukumbu hizo anatakiwa kuzitunza kwa miaka mitano baada ya ajira kwisha. Kesi ikifika mbele na mwajiri akashindwa kutoa mkataba au maelezo hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unakuwa wake. Hilo ni ulinzi mkubwa kwa mfanyakazi aliyeajiriwa kwa mdomo.

Hata hivyo, sharti la mkataba ni jambo moja na saa ulizofanya ni jambo jingine. Nunua daftari dogo. Kila siku ya ovataimu andika tarehe, saa uliyoingia, saa uliyotoka, kazi iliyofanyika, na nani alikuambia ubaki. Ukitumiwa ujumbe wa simu wa kukuita Jumapili, usiufute. Daftari la mahudhurio likisainiwa saa 11:00 jioni wakati ulitoka saa 2:00 usiku, usisaini saa 11:00 ili tu kumaliza maneno; andika saa halisi. Saini yako ya saa 11:00 ndiyo itakayoletwa mezani siku ya kubishana.

Hesabu ikipishana na slipu, anza ofisini, kwa adabu na karatasi mkononi. "Shikamoo mama. Naomba unisaidie, ovataimu yangu ya mwezi huu nimepata 38,150 kwa wiki ile ya mwisho, slipu inaonyesha 29,000. Naomba kuona mmegawanya kwa ngapi." Swali la "mmegawanya kwa ngapi" linajibika kwa tarakimu moja, na tarakimu hiyo ikiwa 240 umeshajua tatizo liko wapi. Lisipojibiwa, andika barua fupi, baki na nakala iliyogongwa muhuri au kusainiwa kuwa imepokelewa. Kama kuna tawi la chama, TUICO, CHODAWU au kingine cha sekta yenu, mpitishie kiongozi wa tawi, hasa kama fomula mbovu inawagusa wenzako wote. Afisa kazi wa eneo lako naye ana mamlaka ya kuingia mahali pa kazi, kukagua kumbukumbu na kumwamuru mwajiri atimize sheria.

Ikishindikana huko, ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Unajaza fomu namba moja ya Tume, unampelekea mwajiri nakala na kubaki na uthibitisho kwamba ameipokea. Shauri linaanza kwa usuluhishi, ambao unapewa siku 30. Msipoelewana linakwenda kwenye uamuzi. Unaweza kusimama mwenyewe, au na kiongozi wa chama, wakili, au mwakilishi uliyemchagua.

Muda ndio unaowaangusha wengi. Madai kama haya yanatakiwa kufikishwa Tume ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Wa kuachishwa kazi una siku 30. Watu huvumilia miaka mitatu kwa kuogopa kufukuzwa, wakafukuzwa hivyohivyo, ndipo wanapofungua madai ya ovataimu ya miaka yote mitatu na kukuta wanaulizwa walikuwa wapi. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini atatakiwa kueleza sababu nzito ya kila siku aliyochelewa. Ukiona slipu ya mwezi imepungua, hesabu siku zako kuanzia hapo. Siku ya kwenda Tume, beba mkataba, slipu za miezi inayobishaniwa, nakala ya barua, daftari lako, na karatasi moja safi yenye hesabu: mshahara wa msingi, saa za wiki, kigawanyo, bei ya saa, saa ulizofanya kwa kila kiwango, ulicholipwa, unachodai.